Kuadhimisha Yuli Mwanza: Mwongozo wa Kukesha Usiku wa Mgeuko wa Jua

Mtu anayeishi Mwanza akitaka kuadhimisha sikukuu ya majira ya baridi kwa mujibu wa Wika, au wa njia nyingine yoyote ya kipagani iliyotoka Ulaya, hukwama kabla hata hajanunua mshumaa, kwa sababu hapa majira hayo hayapo. Miongozo karibu yote imeandikwa na watu wanaoishi mahali ambapo mwezi Desemba jua huonekana kwa saa nane au pungufu, ardhi ikiwa imeganda na miti imepukutisha majani. Kwao, kuwasha moto na kuliomba jua lirudi ni jambo ambalo mwili wenyewe unalielewa. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, na tofauti kati ya siku yetu iliyo ndefu kuliko zote na ile iliyo fupi kuliko zote ni kama dakika 17, ambazo mtu hawezi kuzihisi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya adhimisho hilo kandokando ya Ziwa Viktoria bila kuigiza theluji, kwa kutegemea kitu ambacho huku kinaonekana wazi kabisa, yaani mahali ambapo jua linachomoza.

Niseme kwanza kuhusu jina. Sikukuu hii huandikwa Yule, na Mswahili yeyote anayeliona neno hilo karatasini huuliza, yule nani? Kwa kuwa hutamkwa karibu na "yuul", humu nimeliandika Yuli, ili msomaji asihangaike kila sentensi.

Ni vema pia kujua umri wa kitu unachokifanya. Jina la sikukuu ni la kale kwelikweli: watu wa kaskazini mwa Ulaya walikuwa na sikukuu ya jól katikati ya baridi, na mtawa Beda wa Uingereza aliandika katika karne ya 8 kwamba wapagani wa huko walikuwa na usiku walioutukuza kwa jina la Usiku wa Mama. Wika yenyewe, hata hivyo, ni dini changa. Gerald Gardner, Mwingereza aliyewahi kuwa ofisa wa forodha huko Malaya, aliitangaza hadharani katika kitabu alichotoa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya Uingereza kufuta sheria yake ya kale ya uchawi, na maneno mengi ya ibada yake yaliandikwa na mwenzake, Doreen Valiente. Gurudumu la Mwaka lenye sikukuu nane, ambalo Yuli ni mojawapo, lilikamilika katika miaka hiyo hiyo ya katikati ya karne ya 20. Nalieleza hili kwa sababu linampa mtu wa Mwanza uhuru. Ikiwa watu walioishi karibu na London waliweza kuzipanga upya desturi ili zilingane na anga lao, hakuna sababu ya sisi kuogopa kuzipanga zilingane na letu.

Juni au Desemba

Uamuzi wa kwanza ni wa tarehe, na mimi nimeshaufanya kwa kukosea. Mwaka wa kwanza nilifuata miongozo ya kaskazini neno kwa neno, nikakusanya wenzangu watatu usiku wa tarehe 21 Desemba, tukapanda juu ya miamba tukiwa na gogo, mishumaa na matawi ya mvinje. Mvua za vuli zilikuwa bado hazijakata. Ilipofika saa tano usiku gogo lilikuwa limelowa, mishumaa imezimika mara sita, na mwenzetu mmoja akauliza kwa upole tunaliomba jua lirudi kutoka wapi, kwa kuwa mchana wake lilikuwa limetuunguza vichwa. Sikuwa na jibu. Mwezi Desemba jua liko kusini, na sisi pia tuko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo siku ile kwetu ndiyo ndefu kuliko zote. Tulikuwa tunaomboleza kifo cha jua siku ya arusi yake.

Wafuasi wa Wika walioko Australia na Afrika Kusini walilitatua jambo hili zamani kwa kuligeuza Gurudumu zima, na Yuli yao huwa tarehe 20 au 21 Juni. Kwa Mwanza, ninashauri hivyo hivyo, na si kwa sababu ya zile dakika 17 pekee. Juni kwetu ni mwanzo wa kipupwe. Masika yamekwisha, nyasi zinaanza kugeuka rangi, anga huwa safi, na alfajiri upepo wa ziwani humlazimisha hata kijana kutafuta sweta. Mavuno yameingia, na katika nyumba za Wasukuma viazi vitamu vinakatwakatwa na kuanikwa juani viwe michembe, au vinachemshwa kwanza ndipo vikaushwe viwe matobolwa, ili viliwe miezi ya ukame. Wazungu wa zamani walikula katika Yuli vyakula walivyojiwekea akiba, na hapa Juni ndio wakati ambao akiba inatengenezwa. Ukiwa na ndugu wa njia hii walioko Ulaya, kubali tu kwamba wao watakuwa wanaadhimisha kilele cha kiangazi siku unayokesha wewe.

Katika mwaka 2026 mgeuko wenyewe, yaani wakati jua linapofika mwisho wa safari yake ya kaskazini na kuanza kurudi, utatokea Jumapili tarehe 21 Juni, saa 5:24 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Usiku wa kukesha, basi, ni wa Jumamosi kuamkia siku hiyo.

Kulisoma jua kabla ya usiku wenyewe

Sehemu hii ndiyo ninayoithamini kuliko nyingine zote, na mtu akiiruka, mengine yote yatabaki kuwa mishumaa tu. Huku kwetu giza halitakuambia kwamba majira yamefika mwisho wake. Upeo wa macho ndio utakaokuambia. Mwezi Desemba jua huchomoza nyuzi 23 hivi kusini mwa mashariki halisi, na mwezi Juni huchomoza nyuzi 23 kaskazini mwake. Nyoosha mkono mbele yako na ukunje ngumi: ngumi hiyo hufunika karibu nyuzi 10. Safari ya jua kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kwa hiyo, ni karibu ngumi tano zilizopangwa sambamba, na katika jiji lenye miamba iliyosimama kila upande, kila hatua ya safari hiyo ina jiwe au mti wa kuitia alama.

Anza mwanzoni mwa Mei. Chagua sehemu moja ambayo utaweza kusimama kila mara, iwe ni kizingiti cha mlango, kona ya ua, au jiwe fulani mlimani, na usiibadilishe. Mara mbili kwa wiki, simama hapo jua linapochungulia, kisha chora kwenye daftari mstari wa vilima unavyouona na uweke alama mahali ambapo ukingo wa kwanza wa jua umejitokeza, pamoja na tarehe. Mkazi wa upande wa Capri Point au wa mwambao mwingine unaotazama magharibi anaweza kufanya hivyo hivyo jioni, jua linapozama ng'ambo ya ghuba, na hesabu ni ile ile. Usilitazame jua likishatoka lote, kwa kuwa litaharibu macho. Ukingo wa kwanza unatosha.

Utakachokiona kitakushangaza. Kati ya tarehe 1 na 21 Mei alama zako zitakuwa zimesogea kaskazini kwa nyuzi tano, yaani upana wa jua mara kumi. Mwendo utaanza kupungua mwishoni mwa mwezi, na kuanzia kama tarehe 11 Juni hadi mwanzoni mwa Julai jua litakuwa linachomoza karibu mahali pale pale, kiasi kwamba alama zote zitaangukia ndani ya upana wa jua moja. Kusimama huku ndiko walikokuona watu wa kale, na Warumi waliita wakati huo kwa neno lenye maana ya kusimama kwa jua. Baada ya hapo alama zitaanza kurudi zilikotoka. Mtu aliyeliona jua likisimama kwa macho yake hahitaji kuelezwa kwa nini wengine waliogopa kwamba pengine lisingerudi.

Kipo pia kipimo cha mchana, ambacho watoto hukipenda. Simika kijiti kilichonyooka chenye urefu wa mita moja kwenye sehemu tambarare ya ua. Kwa kuwa Mwanza iko mbali na mstari unaoongoza saa zetu, jua hufika katikati ya anga likiwa limechelewa, karibu saa 6:50 mchana. Siku ya mgeuko wa Juni, wakati huo, kivuli kitaelekea kusini na kitakuwa na urefu wa sentimita 48 au 49, na siku zinazofuata kitaanza kufupika, kwanza kwa uchache usioonekana. Rudia mwezi Desemba na utaona kivuli kimehamia kaskazini, urefu wake sentimita 38 tu. Piga mstari wa rangi mahali kilipofika kila mara, na ua wako utakuwa na kalenda.

Huko Ayalandi kuna kaburi la kale liitwalo Newgrange, lililojengwa yapata mwaka 3200 K.K., ambalo juu ya mlango wake liliachiwa tundu ili asubuhi za mgeuko wa majira ya baridi mwale wa jua upenye hadi chumba cha ndani kabisa. Mwale huo hukaa humo kwa dakika 17. Nilipoisoma namba hiyo nilicheka, kwa kuwa ni dakika zile zile ambazo Mwanza inazipata na kuzipoteza kwa mwaka mzima.

Jina, jirani na sheria

Hapa lazima niwe mkali kidogo. Kamusi humfundisha mtu kulifasiri neno Wika kuwa uchawi, na wafuasi wengi wa Ulaya hujiita wachawi kwa fahari. Usifanye hivyo Mwanza. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, na watu wenye ualbino wameshambuliwa kwa ajili ya viungo vyao. Mtu anayelichezea neno hilo hapa analichezea juu ya makaburi ya watu. Zaidi ya hayo, Sheria ya Uchawi iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928 bado inatumika nchini, na inamtia hatiani mtu anayejitangaza kuwa na nguvu za uchawi au anayemiliki vifaa vyake. Katiba, katika ibara ya 19, inalinda uhuru wa mtu kuamini dini anayoitaka, lakini ulinzi huo hauwezi kufika haraka kama kundi la watu waliopandwa na hasira saa nane za usiku.

Neno "mpagani" nalo lina uzito wake, kwa kuwa kwa wengi lina maana ya mtu asiye na dini kabisa, na si la kumwambia jirani yeyote mlangoni. Sema ukweli kwa maneno yasiyo na mwiba: mnakesha kusubiri jua la kipupwe, mtakula, mtaimba na kusali. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wiki moja kabla, mchana, ukiwa na mmoja wa wenzako, na umweleze idadi ya watu na muda. Mwenyekiti wetu, mzee wa Kisukuma, baada ya kupokea shikamoo zetu alituuliza jua linageukia wapi. Tulimwonyesha alama zetu kwenye daftari. Aliziangalia kwa muda, akasema, "Kumbe ninyi mnafuata kilimia. Wazee walikuwa wanakitazama hicho." Kisha akatuomba tusipige ngoma baada ya saa nne. Nitarudi kwenye kilimia baadaye, kwa kuwa mzee alituzidi wote.

Kuna desturi tatu za Wika ya Gardner ambazo nashauri ziachwe bila majadiliano. Ya kwanza ni ya kufanya ibada bila nguo. Mtu anayekutwa uchi usiku akizunguka mshumaa katika Usukuma ana jina lake, na jina hilo ni mwanga, yaani mchawi. Ya pili ni kisu cha ibada, ambacho kazi yake ni kuchora duara hewani. Kidole kinatosha, na nyumbani kwangu tunatumia mwiko mpya ambao haujaingia kwenye ugali. Ya tatu ni kufanyia mambo mahali pa siri. Ua wa nyumba wenye lango lililoachwa wazi ni salama kuliko mwamba wa gizani, ambako mwanga wa mishumaa huonekana kutoka mbali na kila anayeuona hujitungia hadithi yake. Wika haina kafara ya mnyama, na kanuni yake kuu inasema: ilimradi humdhuru yeyote, tenda utakalo. Ukiulizwa, sema hivyo.

Jambo la mwisho katika sehemu hii linawahusu wanaotaka kuipa Yuli sura ya Kisukuma. Ngoma za Wagika na Wagalu, ambazo huchezwa kwa mashindano wakati kama huu baada ya mavuno, na sherehe ya Bulabo kule Bujora, ambayo huenda pamoja na sikukuu ya Ekaristi, zina wenyewe na zina maana yake. Nenda ukazitazame kwa moyo wote. Ila usichukue matambiko ya mizimu ya watu ukayabandika kwenye duara lako kama pambo.

Vitu vya kutayarisha

Gogo la Yuli, ambalo zamani Ulaya lilikuwa shina zima la kuwaka usiku kucha, kwetu liwe kipande cha kuni kavu chenye urefu wa nusu mita. Mwembe au mkaratusi hufaa, na muuza kuni atakupatia bila wewe kukata mti. Epuka mnyaa hata kama umejaa kwenye uzio wako, kwa kuwa utomvu wake unaweza kupofusha na moshi wake huwasha macho. Mwombe seremala atoboe matundu matatu kwa juu, ya mshumaa mwekundu, mweupe na wa kijani. Lifunge kwa majani mabichi. Kule hutumia miti isiyopukutisha majani kwa sababu ndiyo pekee inayobaki hai wakati wa baridi. Hapa karibu kila kitu ni kijani, kwa hiyo chagua mvinje, ambao watu wameshauzoea tangu Krismasi, pamoja na majani ya mwembe. Majani yote yaondolewe kabla ya kuwasha.

Moto wenyewe uwe kwenye jiko la mkaa pana au kwenye pipa lililokatwa, nje kabisa. Usiku ukizidi baridi kuna atakayependekeza jiko liingizwe ndani. Kataa, kwa sababu hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini.

Maji ya ibada yatoke bombani. Najua mvuto wa kuingia ziwani alfajiri hadi magotini, na nimeona picha za wenzetu wa kaskazini wakifanya hivyo kwenye mito yao, lakini ukingo wa Ziwa Viktoria una kichocho, na baadhi ya sehemu zina mamba na viboko. Vitu vingine havina tabu: ubani, chetezo, bakuli la udongo wa bustani, dawa ya mbu, na mikeka. Angalia pia kama mwezi ni mwandamo, kwa kuwa siku hizo wale wadudu wadogo wa ziwani huweza kuja kama wingu na kuizima mishumaa kwa miili yao.

Kuhusu kinywaji, Waingereza huchemsha pombe ya matofaa yenye viungo na kuinyunyizia miti ya matunda ili izae. Sisi huchemsha juisi ya machungwa, ambayo Juni huwa tele, tukatia tangawizi, mdalasini na karafuu, na kikombe cha kwanza kikishapoa humwagwa kwenye shina la mwembe wa uani. Chakula ni sato wa kuchoma na matobolwa. Sijawahi kuona sababu ya kuongeza kitu.

Usiku wenyewe

Jua huzama karibu saa 12:49 jioni. Dakika chache kabla, wote wawe wamekusanyika uani, na likishazama, zimeni kila taa ya nyumba. Kaeni kimya gizani kwa robo saa. Wakazi wa mitaa yetu wameuzoea umeme kukatika bila taarifa, na kitendo cha kuuzima mwenyewe kwa hiari kina ladha tofauti kabisa.

Duara huchorwa baada ya hapo. Kipimo cha kimila ni kipenyo cha futi tisa: simika kijiti, funga kamba ya futi nne na nusu, na uzungushe ukichora kwa unga. Sasa ipo hoja ya pande nne, ambazo kila mmoja hupewa kitu chake, yaani hewa, moto, maji au udongo, na hapo miongozo ya kaskazini itakupotosha. Wao huweka moto kusini, kwa sababu kwao jua la mchana liko kusini, na huzunguka duara kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, kwa sababu jua lao hupita mashariki, kusini, magharibi. Mwezi Juni jua letu hupita mashariki, kaskazini, magharibi. Moto, basi, ukae kaskazini, na mzunguko uwe kinyume cha saa. Huko ndiko kulifuata jua hapa kwetu. Ubani wa hewa unabaki mashariki. Maji yanabaki magharibi, na kwa mkazi wa Mwanza mjini hakuna haja ya kueleza kwa nini, kwani ziwa liko huko. Udongo unaenda kusini, zilipo nchi kavu za Misungwi na Kwimba pamoja na mashamba na mifugo yao. Anayeongoza asimame kila upande na kuukaribisha kwa maneno yake mwenyewe. Maneno ya kukariri kutoka lugha nyingine huwa mazito mdomoni.

Kisha huwashwa mshumaa mmoja, ule mweupe, na kila aliyepo hutaja jambo moja la mwaka uliopita ambalo anataka liishie usiku huu. Wengine huliandika na kulichoma. Katika Wika nyingi huigizwa hapa pambano la Mfalme wa Mwaloni na Mfalme wa Mti wa Miiba, ambao hupokezana utawala wa mwaka kila jua linapogeuka. Ni hadithi nzuri, lakini miti hiyo miwili haipo hapa na sisi tumeiacha. Badala yake tunatumia desturi ya Usiku wa Mama: kila mtu humtaja mama yake, bibi yake, na mama wa bibi ikiwa jina lake linajulikana, na kwa kila jina hutupiwa kipande cha mdalasini kwenye moto. Mwaka jana majina yalichukua saa nzima, na kuna mtu mzima aliyegundua mbele yetu kwamba halijui jina la bibi mzaa mama yake. Alimpigia mama simu pale pale.

Baada ya chakula hakuna utaratibu, na nadhani usiwepo. Watu husimulia, hulala kwa zamu, huongeza kuni. Sharti ni moja tu, kwamba moto usizimike na awepo mmoja aliye macho.

Kuanzia saa kumi na moja alfajiri waamshe wote na muelekee pale mlipokuwa mnatia alama. Tazama mahali hasa ambapo daftari lako linasema jua litatokea, na juu yake kidogo utaona kishada cha nyota ndogo zilizosongamana, sita au saba kwa macho ya kawaida. Hicho ndicho kilimia. Kimechomoza kama saa mbili mbele ya jua, na kimetokea karibu mahali pale pale litakapotokea jua, kwa kuwa njia yake angani inapita chini ya nyuzi moja tu kutoka kwenye njia ya jua la Juni. Mwezi Mei kilikuwa kimepotea ndani ya mwanga wa jua, na sasa kimerudi. Waswahili walisema kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na hapo mbele yako kimezama na masika na kimezuka katika kipupwe. Sijasoma mwongozo wowote wa Yuli unaotaja jambo hili, kwa sababu Desemba, kule, anga lao la alfajiri haliko hivyo. Ni letu, na lilikuwepo kwenye lugha kabla yetu.

Mwanga wa alfajiri ukizidi utakifuta kilimia. Kaeni kimya. Karibu saa 12:51 ukingo wa jua utatokea, au dakika chache baadaye ikiwa mbele yako kuna kilima kirefu. Hapo huwashwa mshumaa mwekundu na wa kijani, gogo huwekwa motoni, na ngoma, ambazo mwenyekiti alizizuia usiku, sasa ni halali. Mishumaa izimwe ikibakia na urefu wa vidole viwili, isije ikaunguza gogo kutoka ndani kabla hamjawa tayari.

Siku zinazofuata

Wapo wapagani wanaohesabu nyusiku kumi na mbili baada ya Yuli, na mwenye nafasi anaweza kuwasha mshumaa kila jioni. Mimi huendelea na daftari tu. Ifikapo tarehe 5 Julai hivi alama ya jua huwa imeanza kujitenga na zile za mgeuko, ikirudi kusini, na siku nitakayoweza kuwaonyesha wengine tofauti hiyo bila kubishana ndiyo tunayofanyia karamu ndogo.

Majivu ya gogo yakishapoa kabisa husambazwa kwenye bustani ya mchicha, kama walivyofanya wakulima wa Ulaya mashambani mwao, ila yawe machache. Usilichome gogo lote. Bakiza kipande cha ukubwa wa kiganja kilichoungua upande mmoja, kwa kuwa ndicho kitakachowashia gogo la mwaka ujao, na ukihifadhi ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, juu ya kabati. Kipande changu cha kwanza nilikiacha kwenye kona ya stoo kikiwa kimefungwa kwa kitambaa, na ilipofika Juni nilikuta kitambaa na vumbi la mchwa.